Iliharibika, au Baliharibu?

Kila mwanafunzi wa lugha za Kiafrika hukutana mapema na kikombe kilichovunjika. Mwalimu huandika ubaoni sentensi mbili: kikombe kimevunjika, kikombe kimevunjwa. Ya kwanza, tunaambiwa, iko katika kauli ya kutendeka. Inaeleza hali ya kikombe na kunyamaza kuhusu mtendaji. Ya pili iko katika kauli ya kutendwa. Mtendaji yupo hata kama hakutajwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza, "na nani?" Tunanakili, tunafanya zoezi, tunasonga mbele hadi kauli ya kutendesha. Mwaka jana niliona kwamba kati ya sentensi hizo mbili mtu anaweza kupoteza sehemu ya mshahara wake.

Kwetu Lubumbashi jambo hili lina umbo la pekee. Kiswahili tunachoongea nyumbani na sokoni, kile ambacho Edgar Polomé alikiandikia makala mwaka 1968 na ambacho Walter Schicho alikitungia kitabu kizima cha sintaksia mwaka 1982, hakikimbilii kauli ya kutendwa. Mahali ambapo kitabu cha shule kingesema "nyasi zimeharibiwa", sisi mara nyingi husema "majani baliharibu". Kiambishi ba-, ambacho ni wa- ya Kiswahili sanifu, kinasimama kwa niaba ya watu wasiotajwa. Ni wao, lakini wao gani hakuna anayesema. Na pale tusipomtaka mtendaji kabisa, tunasema "iliharibika", basi. Msemaji wa Lubumbashi anayetazama kitu kilichoharibika ana njia mbili mbele yake, na anachagua moja kabla hajafikiri.

Kaka yangu mkubwa, ambaye namwita yaya kama ilivyo desturi ya hapa, anatunza bustani ya nyumba moja katika mtaa wa Golf. Mwenye nyumba anapenda majani mafupi ya kijani yaliyotandazwa mbele ya baraza, yale tunayoyaita gazoni kwa sababu yalikuja pamoja na Kifaransa na nyumba zenyewe. Watu wa pwani wana ukoka, jina la nyasi fupi itambaayo. Sisi tulichukua jina la mgeni pamoja na kazi ya kuyakata.

Mwezi wa nne, mvua zilipokuwa zinaaga, mabaka matatu yalitokea katika gazoni ile. Kwanza majani yaligeuka manjano, halafu yakawa na rangi ya maganda makavu ya mahindi, halafu udongo ukaonekana. Mwenye nyumba alisimama barazani na kusema maneno ambayo yaya alinirudishia jioni ile neno kwa neno: "Majani yangu baliharibu. Mu hii lupango, ni nani anakamataka mayi na dawa?" Yaani, katika kiwanja hiki ni nani hushika maji na dawa? Anayeshika maji na dawa ni mmoja tu. Ba- ya wingi ilikuwa imekwisha kuwa mtu mmoja, na mwisho wa mwezi theluthi ya mshahara wake ilikatwa. Mwezi uliofuata ingekatwa tena, na ule wa tatu kazi yenyewe ingeisha. Yaya ana watoto wawili shuleni.

Nilimwambia twende tukayatazame mabaka. Alicheka: "Mudogo, weye unajifunzaka maneno, hujifunzaka majani." Ni kweli. Lakini jambo la kwanza nililotaka kujua lilikuwa maneno. Nilimwomba anieleze kilichotokea, nami nikaandika kila kitenzi alichotumia. Alisema majani yalikauka. Akasema yaliungua. Akasema yalikufwa, kama tunavyotamka hapa. Dereva wa nyumba ile, aliyekuwa akisikiliza, alisema yalioza chini. Mpishi alisema yaliliwa.

Vitenzi hivyo vitano ni madai matano tofauti kuhusu chanzo, ingawa waliosema hawakuwa na nia ya kudai chochote. Kinachokauka kimekosa maji. Kinachoungua kimepata kitu kikali: jua, mbolea iliyozidi, mafuta ya jenereta yaliyomwagika, mkojo wa mbwa. Kinachooza kimepata maji mengi mno au ukungu. Kinacholiwa kina mlaji: mchwa, au funza weupe wa udongoni wanaokata mizizi. Na kinachokufa kimekufa tu, chanzo bado. Tuliamua kuvichukua kimoja kimoja na kukiuliza kila kitenzi kilete ushahidi wake.

Kukauka kulianguka kwanza. Yaya anamwagilia gazoni nzima kwa mpira mmoja, na mvua za mwezi wa tatu hazikuchagua pa kunyesha. Lubumbashi ina kiangazi kirefu, tangu mwezi wa tano hadi wa tisa, na gazoni isiyomwagiliwa hubadilika rangi mahali pote. Lakini kiangazi kilikuwa hakijaanza, na udongo wa mabaka ulikuwa na unyevu ule ule wa udongo wa jirani.

Mbwa wapo wawili katika nyumba ile. Mkojo wa mbwa huacha doa dogo la mviringo, limekufa katikati na lina pete ya majani mabichi kuliko mengine pembeni, kwa sababu kile kinachounguza kikiwa kingi ndicho hicho kinacholisha kikiwa kidogo. Mabaka yetu hayakuwa na pete, wala hayakuwa ya mviringo. Mafuta yangenuka, na jenereta iko upande wa pili wa nyumba.

Kuliwa tulikupima kwa mkono. Funza wakishakata mizizi, majani huinuka ukiyavuta kama mkeka usioshonwa chini. Mchwa nao huacha vijia vya udongo na mabua yaliyokatwa. Tulivuta. Majani yalishika kidogo, kisha yakatoka na mizizi yake, na mizizi ile ilikuwa mifupi, minene, ya kahawia, kama vidole vilivyofungwa. Hapakuwa na funza. Hapakuwa pia na harufu ya kuoza.

Basi tukarudi nyuma na kuyatazama mabaka kutoka barazani, kama mwenye nyumba alivyoyatazama. Yalikuwa matatu, lakini yalikaa katika mstari mmoja kutoka getini hadi ukuta wa jiko, upana wa hatua moja, na kingo zake zilikuwa zimenyooka. Ugonjwa haunyooki. Mdudu hapimi kwa kamba. Yaya ndiye aliyesema: "Hapa walichimba." Dereva akakumbuka: mwaka mmoja kabla yaya hajaajiriwa, mtaro ulichimbwa kupitisha bomba jipya la maji, kisha ukafukiwa. Udongo wenyewe ulikuwa umechukuliwa kujazia mahali pengine, hivyo mtaro ulifukiwa kwa kifusi kilicholetwa na lori. Kimeagizwa na nani? Na mwenye nyumba.

Tulichimba shubiri mbili. Nje ya baka udongo ulikuwa mwekundu, ule tunaoujua sote. Ndani ya baka, chini ya tabaka jembamba la udongo mzuri, ulikuwa wa kijivu wenye chembe nyeusi zinazong'aa kama kioo kilichosagwa. Majani yalikuwa yamestawi muda wote ambao mizizi ilikuwa bado juu. Iliposhuka ikakutana na kijivu, ikasimama.

Nilipeleka udongo ule kwa rafiki yangu wa Kitivo cha Kilimo. Aliusugua kati ya vidole na kuniambia kwamba katika mji huu swali la kwanza kuhusu kifusi ni kimetoka wapi. Mji wenyewe ulizaliwa na shaba. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, mji wa Elisabethville ukaanzishwa mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la kuyeyushia shaba likaanza kazi kando ya mto Lubumbashi. Kila tani ya shaba iliyotoka iliacha nyuma mawe yaliyoyeyuka na kuganda, na mlima wake mweusi kando ya bomba refu la moshi ndio picha ambayo mgeni yeyote hununua akiondoka. Mabaki ya madini yanapochanganywa na udongo wa bustani, mizizi ndiyo inayoumia kwanza. Shaba ikizidi huzuia mizizi kurefuka na kuinyima mimea chuma, ndiyo maana majani hugeuka manjano kabla ya kukauka.

Lakini rafiki yangu hakukubali tuseme "ni shaba" kwa kutazama tu. Aliniuliza kama sisi wa Lugha tuna njia ya kuthibitisha kwamba sauti mbili ni fonimu mbili. Nikamwambia tunayo: jozi sahili. Tunatafuta maneno mawili yanayolingana kwa kila kitu isipokuwa sauti moja, kama pata na bata, na maana ikibadilika tunajua ni sauti ile iliyoibadilisha. Akasema, "Basi fanya hivyo hivyo kwa maharagwe."

Tulichukua makopo matatu ya maziwa yenye ukubwa mmoja. La kwanza tulilijaza udongo mwekundu kutoka sehemu nzuri ya gazoni. La pili udongo wa kijivu kutoka ndani ya baka. La tatu udongo ule ule wa kijivu, tukaongeza chokaa tu, bila kitu kingine. Mbegu kumi katika kila kopo, kutoka mfuko mmoja, maji kutoka ndoo moja, dirisha moja. Baada ya siku chache mbegu karibu zote ziliota, na yaya alivunjika moyo. Rafiki yangu alimwambia angoje. Haragwe huanza maisha kwa kula akiba iliyomo ndani yake lenyewe, kwa hiyo kuota si ushahidi wa udongo kuwa mzuri.

Siku ya kumi na sita tulimwaga makopo kwenye gunia na kuosha mizizi. Ya udongo mwekundu ilikuwa mirefu, myeupe, yenye matawi kama ndevu. Ya udongo wa kijivu ilikuwa vipande vifupi vya kahawia, na majani juu yake yalikwisha kufifia. Ya kopo la chokaa ilikuwa katikati: mirefu kuliko ya pili, mifupi kuliko ya kwanza. Chokaa hupunguza ukali wa udongo wenye asidi, na udongo usio na asidi huzishika metali zisiyeyuke kwa wingi kuelekea mizizi. Maharagwe hayakututajia jina la metali, kazi hiyo ni ya maabara. Yalitutajia kitu kimoja tulichokihitaji: tofauti ilikuwa ndani ya udongo wenyewe, wala si katika mkono unaomwagilia.

Jumapili moja katika majuma yale ya kungoja, rafiki yangu alinipeleka Penga Penga, kaskazini-magharibi ya tanuru. Upepo wa kawaida wa hapa hutoka kusini-mashariki, na kwa miongo mingi ulibeba moshi upande ule. Moshi ulikuwa na salfa, iliyotia udongo asidi, na vumbi la shaba na metali nyingine. Miti ilikwenda kwanza, nyasi zikafuata, mvua ikaosha udongo wa juu. Nilichokiona mtaani Golf kwa upana wa hatua moja, pale kinaenea hadi macho yanapochoka. Watafiti wa Kitivo chetu cha Kilimo pamoja na wenzao wa Ubelgiji wamejaribu kuirudishia ardhi ile kifuniko kwa kutumia nyasi ndogo iitwayo Microchloa altera, inayostahimili shaba, wakiisaidia kwa chokaa na mboji. Wameichukua mimea inayojua tayari kuishi na shaba, kwa sababu Katanga ina vilima ambavyo tangu zamani vina shaba nyingi mno kwa miti ya miombo. Wahunzi waliosubu misalaba ya shaba kabla ya Wazungu kuja waliishi katikati ya vilima hivyo. Ua dogo la zambarau, Haumaniastrum katangense, huota katika udongo wa namna hiyo, na limekutwa hata mahali palipokuwa na matanuru ya wahunzi wale.

Nilikuwa na daftari langu, na tabia ya mwanafunzi wa isimu haipumziki. Niliwauliza wazee wanne waliokaa mitaa ya karibu tangu ujana wao: hapa kulitokea nini? Mmoja alisema bulongo ilikufwa. Wa pili, ilichoka. Wa tatu, iliungula. Mama mmoja alisema iliharibika tangu zamani. Hakuna aliyesema baliharibu. Wazee wanne si utafiti, na sitajenga nadharia juu yao. Lakini nilipouliza, "Na mayi mu mutaro, nani aliharibu?", wote walijibu upesi kwa ba-, na wawili walitaja majina ya majirani. Kwa kitu kidogo chenye mtendaji wa karibu, kitenzi kilikuwa na mwenyewe. Kwa kilima kizima, kitenzi kilibaki yatima.

Sisemi kwamba sarufi ndiyo inayoficha. Wazee wale wanajua moshi ulitoka wapi. Bomba linaonekana kutoka kila mlango, na wengine kati yao walikula mshahara wake. Ninachosema ni kwamba kauli ya kutendeka ni mahali pazuri pa kupumzikia. Mtu anayepaswa kuishi na jambo lisilo na wa kulilipa hulipa kitenzi kisichodai. Aliye na uwezo wa kudai hutumia kitenzi kingine.

Yaya alichukua makopo yake matatu, mizizi ikiwa imetandazwa juu ya karatasi nyeupe, akampelekea mwenye nyumba. Sikwenda, kwa sababu alitaka kusema mwenyewe. Alieleza mtaro, kifusi, maharagwe. Mwenye nyumba ni mtu anayesikiliza, na hilo lazima niliseme. Aliinama akatazama mizizi kwa muda. Kisha akasema: "Ah. Basi iliharibika tu. Tutaleta bulongo ingine."

Yaya alirudi akifurahi kwamba kazi ipo. Mimi niliandika sentensi ile katika daftari chini ya ile ya mwezi wa nne, nikazitazama. Msemaji ni yule yule. Kitu ni kile kile, majani yale yale katika mabaka yale yale. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza mtendaji aliyedhaniwa alikuwa mtunza bustani, na mara ya pili mtendaji aliyejulikana alikuwa mwenye nyumba aliyeagiza kifusi. Ba- ikaondoka, -ik- ikaingia. Katika miaka yangu minne ya isimu sijakutana na jozi sahili safi kuliko hiyo.

Nilimwonyesha yaya. Alisoma, akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikia: "Na mushahara yangu? Ilikatika?"

Tulicheka sana, kwa sababu mshahara haukatiki wenyewe. Kamba hukatika, mvua hukatika, umeme kwetu hukatika kila siku. Mshahara hukatwa. Usiku ule tukakaa kuandika barua. Nilitaka kuiandika kwa Kifaransa, lugha ya barua za ofisini. Yaya alikataa. Alitaka Kiswahili, kile ambacho mwenye nyumba alimsemea. Nilikumbuka kwamba mwaka 1965 watumishi wa nyumbani wa zamani wa mji huu waliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chao, maandishi yaliyokusanywa na André Yav na ambayo Johannes Fabian aliyachapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990. Watu waliofagia baraza na kukata gazoni waliona kwamba kiliwatosha kusimulia mji mzima. Barua ya ukurasa mmoja isingekishinda.

Tuliandika kwamba mnamo mwezi wa nne na wa tano mulikata mushahara. Tulitumia mu-, nafsi ya pili, kwa heshima lakini bila kificho. Hatukuandika kwamba ulipungua. Hatukuandika kwamba kulitokea upungufu. Tulieleza sababu iliyotolewa wakati ule, tukaeleza kwa nini haipo tena, tukaomba kirudishwe kilichokatwa.

Mwezi wa sita yaya alilipwa mshahara mzima. Mwezi wa saba alirudishiwa theluthi moja, ya mwezi wa tano. Ya mwezi wa nne bado. Mvua zilipoanza tena walichimba mtaro wote shubiri tatu, wakaondoa kijivu, wakaweka udongo mwekundu wenye mboji, na yaya akapanda vipandikizi kimoja kimoja. Yamekwisha kushikana. Kifusi kilichotolewa kilibebwa na lori. Yaya alimwuliza dereva wa lori kinakwenda kumwagwa wapi, na dereva akamjibu kwamba kuna mtu anajenga Kenya, anahitaji cha kujazia kiwanja. Yaya aliomba namba ya simu ya mtu huyo, akampigia.